Makupa Inadai Majina Yake

Sanamu za askari zilizoko Jomo Kenyatta Avenue mjini Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, zina mchongaji anayejulikana: James Alexander Stevenson, Mwingereza. Maneno yaliyoandikwa chini yake yana mtunzi anayejulikana zaidi, Rudyard Kipling. Mwaka wa kuzinduliwa nao unajulikana, 1927. Wasiojulikana ni wale wenyewe wanaoheshimiwa. Kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, jiwe linawakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana na wapagazi ambao Kipling aliwaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha linatoa ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ukishaisoma ahadi hiyo, lizunguke jiwe lote utafute jina la mmoja wao. Hulioni.

Vita vile vya 1914 hadi 1918 viliwakokota watu wapatao milioni moja wa Afrika Mashariki na nchi jirani kulibebea mizigo jeshi la Waingereza, na wanaokadiriwa kufika laki moja hawakurudi makwao. Maradhi, njaa na uchovu viliwamaliza wengi kuliko risasi. Afisa wa Kizungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo alipata jiwe lake, au walau mstari wake ukutani. Mpagazi alihesabiwa kwa jumla, kama magunia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Mashariki ya Kati, hawakutajwa majina au hawakukumbukwa popote. Tume ikaomba radhi. Kile kisingizio cha zamani kwamba majina ya Waafrika hayapatikani nacho kimeanza kuvunjika: majalada ya jeshi yaliyohifadhiwa hapa hapa Kenya yametoa majina kwa maelfu, na Januari 2025 mjini Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wenye majina 1,772 ya watumishi wa jeshi wa Afrika Kusini, weusi kwa sehemu kubwa, waliokufa katika vita hivyo. Majina hupatikana, akitokea wa kuyatafuta.

Sina haja ya kuwalaumu Waingereza leo. Wameshajilaumu wenyewe, tena kwa kurasa nyingi. Ninalotaka kuuliza ni kwa nini sisi, tuliouchukua mji mwaka 1963 na serikali ya kaunti mwaka 2013, bado tunakumbukana kwa mtindo ule ule: sanamu bila jina, au jina la mtu asiyehusika na mahali. Na nataka kuliuliza hilo nikiwa Makupa, kwa sababu sijui mahali pengine kisiwani palipopitiwa na mambo mazito kiasi hicho na pakabaki bila hata kibao cha kumweleza mpita njia amesimama wapi.

Makupa ndipo kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, kilipokaribiana na bara kuliko kwingine, na maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ndiyo maana mwaka 1589 Wazimba waliotoka kusini walipiga kambi ng'ambo wakitafuta njia ya kuingia mjini. Kivuko kilikuwa kikilindwa na merikebu za Waturuki, watu wa Mir Ali Bey, waliokuja kuisaidia Mombasa dhidi ya Wareno. Manowari za Wareno zikafika kutoka Goa, zikaziteka zile merikebu, na kivuko kikabaki wazi. Wazimba wakaingia, na yaliyowapata watu wa mji yameandikwa na padre wa Kireno, João dos Santos. Miaka michache baadaye, 1593, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza, na Wareno wakaweka vingome vidogo Makupa kulinda njia ile ile. Kila anayefundishwa habari za Ngome ya Yesu, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2011, anafundishwa nusu ya habari. Nusu ya pili iko Makupa, chini ya magurudumu ya matatu za Changamwe na Mikindani.

Reli nayo ilipita hapa. Mwaka 1896 mafundi wa reli ya Uganda walijenga daraja la mbao la muda kuvukia bara, wakaliita Salisbury, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Lord Salisbury hakutia mguu Mombasa maisha yake yote. Waliotia miguu ni vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijakwisha, pamoja na Waafrika ambao wahasibu wa reli hawakujisumbua kuwahesabu kwa uangalifu huo. Tazama maji yaliyo upande wa kusini magharibi wa Makupa: ni Port Reitz. Huyo Reitz alikuwa luteni wa jeshi la maji la Uingereza aliyeachwa hapa mwaka 1824, pale nahodha Owen alipowapa Mazrui, waliokuwa watawala wa mji, ulinzi wa muda. Alikaa miezi michache akafa kwa homa. Kwa miezi hiyo amepata mkono mzima wa bahari, na kutokana nao hospitali na shule. Simwonei kijicho marehemu. Nasema tu kwamba bei ya kukumbukwa Mombasa ilikuwa rahisi sana kwa wengine.

Halafu kuna pembe za ndovu za bandia za Moi Avenue, ambazo ndizo zinazouzwa katika kadi za posta kama uso wa Mombasa. Zilisimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Alikuwa apande meli ya Gothic Kilindini, lakini babake akafariki tarehe 6 Februari naye yuko Aberdare, akarudi London kwa ndege. Mji ukabaki na mapambo ya mgeni ambaye hakufika. Dadake, Margaret, alikuja kweli mwaka 1956, na pembe zikatengenezwa upya kwa alumini. Nazipenda pembe hizo, nakiri, na nisingetaka ziguswe. Lakini mji ambao alama yake kuu ni ya ugeni ulioahirishwa unapaswa angalau kucheka kidogo, kisha ujiulize wenyeji wake wamewekwa wapi.

Baada ya uhuru tulifanya jambo lililo rahisi: tulibadilisha majina ya barabara. Kilindini Road ikawa Moi Avenue. Salim Road ikawa Digo Road. Azania Drive ikawa Mama Ngina Drive. Tukapata Nyerere, Nkrumah, Haile Selassie na Abdel Nasser, mkutano mzima wa wakuu wa Afrika umetandazwa kisiwani. Wako wa nyumbani pia, na wapo kwa haki: Ronald Ngala wa chama cha KADU, aliyefariki Desemba 1972, Msanifu Kombo, aliyekuwa meya wa mji, Mbarak Ali Hinawy, liwali wa Pwani aliyeandika kitabu juu ya Al-Akida, kamanda wa ngome, na mzozo wa 1875 ulioisha kwa manowari za Waingereza kuipiga mizinga Ngome ya Yesu. Lakini jina la barabara peke yake halisemi kitu. Muulize kijana wa bodaboda pale Mji wa Kale Hinawy alikuwa nani, atakuelekeza mahali pa kupata kahawa nzuri. Kosa si lake. Kibao cha barabara kinampa jina bila kisa, kama vile sanamu za askari zinavyompa kisa bila jina.

Kuna kibao kimoja tu ambacho Kenya imekiwekea bidii ya kweli, nacho ni kibao cha uzinduzi. Kiko kwenye masoko, zahanati, vyoo vya umma, madarasa ya chekechea na visima vilivyokauka. Kinaanza na Mheshimiwa, kinaendelea na cheo chake kwa ukamilifu, kinafuatia na waheshimiwa waliomsindikiza, na tarehe. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022, halikukosa waheshimiwa wake. Ukivikusanya vibao vyote vya aina hii kutoka Likoni hadi Miritini utapata orodha kamili ya wanasiasa wetu. Hutapata fundi mmoja, mwalimu mmoja, mkunga mmoja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kaunti haina fedha za vibao, wala hatuna mafundi wa kuchonga maandishi kwenye mawe. Fedha na mafundi vipo, na kazi inafanyika kila mwezi.

Hapa wasomaji wangu wa Mombasa watanipinga kwa hoja ya dini, na wana haki. Sanamu ya mtu barabarani haikai vizuri machoni pa Waislamu wengi wa mji huu. Malindi walimsimamishia Mekatilili wa Menza sanamu, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama 1913 na 1914 dhidi ya Waingereza, na bustani ikapewa jina lake. Nairobi walimweka Dedan Kimathi mwaka 2007 na Tom Mboya mwaka 2011. Ni sawa kwao. Mombasa haihitaji kuiga. Kwanza, sanamu ni ghali na nyingi hazifanani na mwenyewe. Pili, pwani ina namna yake ya kukumbuka ambayo ni kongwe kuliko shaba ya Stevenson, na namna hiyo siku zote imekuwa ya maandishi, jengo na utumishi. Msikiti wa Mandhry, unaosemwa ulijengwa 1570, umebeba jina la ukoo. Mtu akichimba kisima au akiacha nyumba yake wakfu, jina lake hutajwa na walio hai kila wanapofaidi. Makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu ni jalada la historia lililo wazi juani. Oktoba 2014 alizikwa hapo Profesa Ali Mazrui, aliyesafirishwa kutoka Marekani kwa wasia wake mwenyewe, na walioshiriki mazishi hawakuhitaji kuelezwa analala kati ya nani na nani.

Na kuna ukumbusho wa mashairi. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840, na tungo zake zingetawanyika kama si mtu mmoja wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Sikujua alizikusanya kutoka vinywani mwa watu, akazifafanua, akampa mmishonari W. E. Taylor, na hatimaye mwaka 1940 William Hichens akazichapisha katika diwani. Leo wanafunzi wa Kiswahili wanamjua Muyaka. Taylor na Hichens wanatajwa katika kila utangulizi. Sikujua anatajwa kwa sentensi, kama yule mtu aliyewafungulia wageni mlango. Mimi ningemtanguliza yeye. Kibao chake ningekiweka Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu bado wanakaa barazani, kiseme kwa ufupi kwamba hapa mjini aliishi mwalimu ambaye bila yeye tusingekuwa na Muyaka.

Lakini nirudi Makupa, kwa sababu ndiko deni lilikonona.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wapishi na matopasi, watumishi wa hoteli na wa majumbani, jumla yao karibu 15,000, waligoma. Vita vya pili vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa mshahara. Nyumba za Majengo na mitaa jirani zilikuwa zimejaa watu hadi wengine wanalala kwa zamu. Kwa muda wa siku kumi na mbili hakukupakuliwa kitu bandarini. Maelfu walikusanyika kila siku kwenye uwanja wa wazi kusikiliza na kuamua, na kutokana na mikutano hiyo kikapata nguvu chama kilichokuja kuitwa African Workers' Federation. Rais wake alikuwa kijana kutoka Kiambu, aliyesoma Alliance, Chege Kibachia. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, alikuja kuwaomba warudi kazini kwa ahadi ya baraza la usuluhishi, na kweli mishahara ikapanda. Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa, akapelekwa Kabarnet, akakaa kizuizini miaka kumi.

Huo ulikuwa mgomo mkubwa kuliko yote iliyokuwa imetokea Kenya hadi siku hiyo, na ulifanyika mtaani kwetu. Watu waliolala Majengo na Makupa, wakaamka alfajiri kwenda Kilindini kwa miguu, siku hiyo hawakwenda. Wanahistoria wa kazi duniani wanausoma. Wazanzibari, ambao makuli wao waligoma mwaka uliofuata, 1948, walipata bahati ya Adam Shafi kuwaandikia riwaya ya Kuli. Mtoto wa Makupa anayesoma Kuli shuleni huenda akamaliza kitabu akidhani mambo kama hayo hutokea Unguja tu, ilhali babu yake alikuwa uwanjani.

Kwa nini mgomo huu haukumbukwi kwa jiwe? Nadhani jibu halina uhusiano na fedha. Ni kwamba haujulikani ni wa nani. Kiongozi wake alikuwa Mkikuyu. Wagomaji walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wataita, Wamijikenda, Waswahili, watu wa Unyanja na Tanganyika. Mombasa hupenda kuuliza mwenyeji ni nani na mgeni ni nani, na swali hilo limewahi kumwaga damu: Agosti 1997, Likoni, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa kwa sababu ya jibu lake. Anayependekeza kibao cha Kibachia atasikia mnong'ono: huyo si wetu. Na anayependekeza kibao cha liwali fulani atasikia mnong'ono mwingine kutoka upande wa pili. Mwanasiasa akiona hivyo hukimbilia kilicho salama, humpa barabara rais wa nchi nyingine.

Mnong'ono huo haunishawishi. Hesabu yale Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, hao ambao ndio wenyeji wa wenyeji, uone majina yao: Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Washaka, Wachangamwe. Karibu kila taifa linajiita kwa jina la mahali lilikotoka kabla ya kufika kisiwani. Wachangamwe wenyewe jina lao liko ng'ambo ya Makupa. Kama kuvuka kivuko kunamwondolea mtu haki ya kuwa mtu wa Mvita, basi tutabaki wachache mno kugombania vibao. Kibachia aliingia mji huu akafanya kazi iliyobadilisha maisha ya watu wake, akaadhibiwa kwa ajili hiyo. Kwangu mimi uenyeji wa namna hiyo unatosha kuandikwa kwenye jiwe.

Wanawake je? Hapa ndipo aibu inapozidi, maana habari zao zimeandikwa vizuri na bado hazikufika barabarani. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel alirekodi wazee wa kike wa Mombasa, na yeye na Sarah Mirza wakachapisha maisha ya watatu kati yao: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka 1989 kwa Kiingereza na 1991 kwa Kiswahili. Ndani yake mna mji mzima: harusi, ugomvi wa ndugu, vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan vilivyoshindana kwa nguo na ngoma hadi watu wakauza walivyonavyo, na namna vyama hivyo vilivyowafundisha wanawake kuchanga, kupanga na kuongoza. Mishi wa Abdala alitoka katika ukoo wa watumwa, na alisema habari zake mwenyewe bila mtu kumsemea. Ni jambo la nadra. Kengele ya Frere Town, pale Kengeleni, inakumbusha makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870, lakini ni wangapi kati ya waliokombolewa tunaowajua kwa jina? James Mbotela, aliyezaliwa na kulelewa huko, aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934 ili habari zao zisipotee. Kengele ni nzuri. Kengele yenye majina kando yake itakuwa na maana zaidi.

Ninapofikiria kibao chenyewe kiweje, mawazo yangu hayaendi London, ambako wamekuwa wakibandika vibao vya duara kwenye nyumba za watu mashuhuri tangu 1867. Yanakwenda Berlin. Katika miaka ya 1990 msanii Mjerumani Gunter Demnig alianza kupachika kwenye njia za waenda kwa miguu vibamba vya shaba vya sentimita kumi kwa kumi, mbele ya nyumba za watu waliouawa na Wanazi. Kila kimoja kina jina, mwaka wa kuzaliwa, na lililompata mtu huyo. Vimepita 100,000 sasa, katika nchi nyingi za Ulaya. Kimojawapo, katika mtaa wa Brunnenstraße huko Berlin, ni cha Bayume Mohamed Husen, ambaye jina lake la utotoni ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam 1904. Akiwa mtoto aliingia vitani na babake upande wa Wajerumani, askari mdogo katika vita vile vile ambavyo sanamu za Mwembe Tayari zinavikumbuka kwa upande wa pili. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wao ambao haukulipwa. Akakaa huko, akawa mhudumu wa mikahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kizungu, na akafa kambini Sachsenhausen Novemba 1944.

Kwa hiyo mtoto askari wa Afrika Mashariki ana jina lake njiani Berlin, na anayepita hulisoma bila kukusudia. Gharama yake ni bamba moja dogo na saruji kidogo. Hakuna waheshimiwa waliotajwa juu yake.

Sheria haituzuii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali kuu minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na shughuli za utamaduni likazipa kaunti. Ipo Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, ambayo kwayo majengo hutangazwa katika gazeti la serikali na kulindwa, na ipo Sheria ya Mashujaa ya 2014 na baraza lake. Kasoro ya vyombo hivi ni kwamba vyote vinatazama juu. Vinatafuta shujaa wa taifa, mnara wa taifa, sherehe ya taifa kama ile Mashujaa Dei ya 2019 iliyoletwa Mama Ngina Waterfront. Mtu wa mtaa hafiki kipimo hicho na hakuhitaji kukifika. Kibao cha mtaa kingekuwa na kipimo kingine kabisa: wazee wa mtaa wanamtambua, kuna jambo linaloweza kuthibitishwa alilofanya mahali hapa, na amekufa. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ninawajua watu wetu.

Kuna hoja ya mwisho ambayo siwezi kuipuuza, kwamba Makupa ina shida za maji taka na takataka, na mtu mwenye njaa hali vibao. Ni kweli. Lakini nimeona namna mahali pasipo na jina wala kisa panavyotendewa. Ukuta usio wa mtu hutupiwa uchafu; kiwanja kisicho na habari hunyakuliwa, na ghala likajengwa usiku. Uwanja unaojulikana kuwa hapa ndipo makuli walipokutana 1947 ni mgumu zaidi kuuza kimyakimya, kwa sababu atatokea mwalimu na darasa lake kuuliza umekwenda wapi.

Tarehe 13 Januari 2027 mgomo ule utatimiza miaka 80. Wapo bado Majengo, Tudor na Changamwe wazee ambao baba zao walikuwa makuli siku hizo, na majina bado yamo vinywani mwao, pamoja na lakabu, magenge waliyofanyia kazi na nyumba walizopanga. Chama cha wafanyakazi wa bandari kipo. Vyuo vikuu vina wanafunzi wa historia wanaotafuta kazi ya utafiti kila mwaka. Wakae na wazee hao kwa vinasa sauti kabla ya tarehe hiyo, waandike kila jina linalothibitika, la Mjaluo, la Mdigo, la Mswahili wa Kibokoni, bila kuyapanga kwa kabila. Jiwe lenyewe liwe la matumbawe ya hapa, urefu wa kiuno, lenye ukingo wa kukalia kama baraza, maandishi yawe Kiswahili, na liwekwe upande wa mzunguko wa Makupa unaoelekea daraja, pale ambapo anayeingia kisiwani kutoka bara hupunguza mwendo na kupata nafasi ya kusoma. Jina la gavana atakayelifungua, yeyote atakayekuwa, liandikwe kwenye risiti ya saruji.